Kipimo Kimesema Hana Malaria: Je, Homa ya Mtoto Inatoka Wapi?

Mtoto wako ana homa. Umempeleka zahanati, ametobolewa kidole, na baada ya muda mfupi umeambiwa hana malaria. Baadhi ya walezi hufurahi na kurudi nyumbani. Wengine hawaamini, hupitia duka la dawa na kununua dawa mseto ya malaria "ili kuwa na uhakika". Njia zote mbili zinaweza kumchelewesha mtoto kupata matibabu anayohitaji. Utafiti uliofanywa huku kwetu kaskazini unaonyesha kwa nini.

Watafiti waliona nini?

Mwaka 2004, watafiti waliokuwa wakifanya kazi KCMC mjini Moshi pamoja na wenzao wa London walitoa matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kwa mwaka mzima walifuatilia wagonjwa waliolazwa kwa sababu ilidhaniwa wana malaria kali. Kati ya wagonjwa 4,474 waliokuwa na hali mbaya, wengi wao watoto chini ya miaka 5, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062 tu. Hiyo ni chini ya nusu.

Jambo la kusikitisha zaidi ni hili: kati ya kila wagonjwa 100 waliokuwa na malaria walifariki 7 hivi, lakini kati ya kila 100 wasiokuwa nayo walifariki 12 hivi. Wagonjwa hao walikuwa na ugonjwa mwingine mkali, na si wote waliopewa dawa za kuua bakteria. Dawa ya malaria haitibu nimonia wala maambukizi ya bakteria kwenye damu.

Utafiti mwingine ulifanyika mwaka 2007 hadi 2008 katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa, watoto na watu wazima, zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vilionyesha kuwa ni 14 tu ambao homa yao ilitokana na malaria. Wengine walikuwa na magonjwa mbalimbali, yakiwemo yanayotoka kwa wanyama, kama brusela na homa ya mgunda.

Mlimani na tambarare si sawa

Watafiti walipima pia malaria katika vijiji 24 vya mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, vikiwemo vya Milima ya Upare. Kwa ujumla, kadiri unavyopanda mlima, malaria hupungua. Vimelea huhitaji joto ili kukomaa ndani ya mbu. Kwenye baridi huchelewa kukomaa, na mbu wengi hufa kabla ya kuweza kuambukiza.

Kwa hiyo homa ya mtoto anayeishi juu Chome haina uwezekano uleule wa kuwa malaria kama ya mtoto wa Ndungu, kwenye mashamba ya mpunga. Lakini usiseme, "Huku kwetu hakuna malaria." Familia hushuka tambarare kwa soko, kilimo na misiba. Anayeishi mlimani hajajenga kinga kubwa, na akiambukizwa anaweza kuugua sana, hata akiwa mkubwa. Mweleze mhudumu kama mtoto alishuka tambarare wiki za karibuni, na mkishuka mlale ndani ya chandarua chenye dawa.

Jibu likiwa "hana malaria", ufanye nini?

Usiondoke kabla ya kuuliza: "Kama si malaria, inaweza kuwa nini?" Mweleze mhudumu:

- homa ilianza lini, na kama mtoto anakohoa, anaharisha, anatapika, analia akikojoa au anashikashika sikio;
- kama nyumbani mna mbuzi, kondoo au ng'ombe, na kama mtoto hunywa maziwa yasiyochemshwa;
- dawa zote alizokwisha kupewa, pamoja na za kienyeji.

Usidai sindano wala antibiotiki. Homa nyingi za watoto huletwa na virusi na hupona zenyewe. Mpe maji ya kutosha, endelea kumnyonyesha, na umpe dawa ya kushusha homa kwa kipimo ulichoelekezwa. Homa ikiendelea kwa siku 2, mrudishe apimwe upya, hata kama kipimo cha kwanza hakikuonyesha malaria.

Usisubiri asubuhi

Mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu;
- amepata degedege, amelegea sana au haamki;
- anapumua kwa shida, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi;
- anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi chini ya miaka 5. Hesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia;
- ana homa na hajatimiza miezi 2.

Kutoka vijiji vya juu hadi hospitali ya Same ni safari ndefu, na wakati wa masika njia huteleza. Kubalianeni mapema nyumbani ni nani mwenye gari au bodaboda mtampigia simu usiku, na nani atabaki na watoto wengine. Weka namba hiyo pamoja na kadi ya kliniki.