Nyumba za Misheni za Embu na Meru (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia pale serikali ya Waingereza ilipokwisha kujikita: Embu kwa mtutu wa bunduki mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, wakati E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, alipojenga boma lake. Leo tunawafuata waliokuja nyuma ya boma wakiwa na Biblia, chupa za dawa na, mara nyingi, jamaa zao.

Ukisoma historia za makanisa yetu utakutana na orodha ya wanaume: Crawford wa Kigari, Griffiths na Worthington wa Kaaga, Irvine wa Chogoria. Orodha hiyo ni ya kweli, ila ina upungufu mkubwa. Katika miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya kazi ya misheni ilifanywa na nyumba nzima, na wengi waliokuwamo katika nyumba hizo hawakupewa nafasi katika maandishi. Tusipowatazama, hatutaweza kueleza kwa nini Kanisa lilishika mizizi hapa, wala kwa nini mwaka 1929 lilikaribia kung'oka.

Turudi kwanza pwani, maana Umethodisti wa Meru ulianzia huko. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, yaani CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Miaka mitano baadaye, Desemba 1849, Krapf akiwa Ukambani upande wa Kitui aliuona mlima wenye theluji ambao kwenye miteremko yake wanaishi Waembu na Wameru. Mwaka 1862 yeye ndiye aliyewaleta Wamethodisti wa kwanza, na Thomas Wakefield akaanzisha kituo cha Ribe. Rebecca, mke wa Wakefield, alikufa hapo Ribe mwaka 1873. Mwaka 1886 John Houghton na mkewe waliuawa katika shambulio la Wamaasai kwenye kituo cha Golbanti, Mto Tana. Kwa hiyo, Wamethodisti walipopandisha kazi yao Meru na J. B. Griffiths akafungua kituo cha Kaaga mwaka 1912, miaka 50 tangu Ribe, chama chao kilikuwa kinajua vizuri gharama ya kumleta mke Afrika. Waliendelea kuja. Sisemi hivyo ili kuwatukuza, bali kwa sababu uamuzi huo wa kuja kama jamaa ndio uliotengeneza aina ya misheni tuliyoipata.

Embu ilikuwa imetangulia kwa miaka miwili. Kituo cha Kigari kilianzishwa na CMS mwaka 1910 chini ya Dkt. T. W. W. Crawford, daktari kutoka Canada. Mkewe aliitwa Emily May, binti Grimes, mzaliwa wa London. Yeye alikuwa mmisionari kabla ya kuolewa: alitumika Pondoland, Afrika Kusini, katika miaka ya 1890, na ndipo mwaka 1904 akaolewa na Crawford na kuhamia nchi ya Wakikuyu. Wakristo wanaoimba kwa Kiingereza wanamfahamu bila kujua kwamba wanamfahamu, kwa sababu ndiye mtunzi wa wimbo maarufu wa sala ya kimya, ule ambao tuni yake ilitungwa na Harold Green, mmisionari mwenzake wa Pondoland.

Huyu mama aliandika pia kitabu, “By the Equator's Snowy Peak”, kilichochapishwa London mwaka 1913, kinachoeleza kazi ya utabibu na safari zao katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kuwasimulia Waembu kwa wasomaji wa nje. Kina mtazamo wa wakati wake juu ya Waafrika, na msomaji wa leo akisome kwa tahadhari. Hata hivyo ni jambo la kuzingatia kwamba daktari ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi, na mkewe ndiye aliyetuachia kumbukumbu. Tukiitafuta Kigari ya mwanzo tunapitia kwenye kalamu ya May Crawford.

Hebu tufikirie hali waliyoikuta. Waembu walikuwa wameshindwa vitani miaka minne tu kabla ya hapo, na mifugo yao ilikuwa imetekwa. Mzungu aliyejulikana alikuwa askari au mtoza kodi. Daktari aliyekuja na mke, akajenga nyumba na kukaa, alikuwa mgeni wa namna nyingine. Kwa maoni yangu, kuwapo kwa mwanamke katika nyumba ile kulifungua milango ambayo mahubiri pekee yasingeifungua, hasa milango ya kina mama wenye watoto wagonjwa. Dawa ndiyo iliyosema kwanza, na Injili ikasikilizwa baadaye.

Maisha yenyewe yalikuwa magumu kwa sababu ya nchi ilivyo. Reli ilipita Nairobi, na hata tawi lake la Thika halikufika hadi mwaka 1913. Nanyuki ilifikiwa mwaka 1930. Kutoka mwisho wa reli ilikuwa ni miguu, nyumbu na wapagazi. Anayesafiri leo kwa matatu kutoka Embu kwenda Meru, akipita Runyenjes, Chuka na Nkubu, anajua jinsi barabara inavyotumbukia bondeni na kupanda tena: Thuci, Nithi, na mito mingine inayoshuka kutoka mlimani. Sasa ondoa lami na madaraja, ongeza mvua za Aprili, kisha weka mama mwenye homa ndani ya machela. Mito hiyo ndiyo iliyoamua mgonjwa gani angefika kwa daktari na yupi angefia njiani, na ndiyo sababu kituo kimoja hakikutosha.

Hata hivyo, mipaka ya misheni haikuchorwa na mito peke yake. Misheni za Kiprotestanti zilipatana kugawana nchi ili zisigombanie watu: CMS ikachukua Embu, Waskoti wa Kipresbiteri wakachukua Chuka na Mwimbi, Wamethodisti wakachukua Imenti na kuendelea kaskazini hadi Nyambene. Mwaka 1913 walikutana Kikuyu kupanga shirikisho, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashutumu vikali hata ugomvi huo ukafika Uingereza. Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo. Mapadri wa Consolata kutoka Italia, ambao walikuwa wameingia Meru mwaka 1911 na kukaa Mujwa, walifanya kazi popote walipopata kibali, wakisaidiwa na masista. Athari ya mgao ule bado iko barabarani. Shuka Kigari uwakute Waanglikana, Chogoria Wapresbiteri, Kaaga Wamethodisti. Watu wengi wa kwao wanadhani walichagua dhehebu. Ukweli ni kwamba babu zao walichaguliwa na ramani.

Chogoria inastahili kukaliwa kitako zaidi, kwa sababu ndiyo misheni ya jamaa kwa maana kamili ya neno. Dkt. Archibald Clive Irvine alifika huko mwaka 1922. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Ernest Carr, mkandarasi tajiri wa Nairobi, ambaye alikuwa baba mkwe wa Irvine. Wapanda mlima wanalijua jina lake, kwa sababu maziwa madogo ya Carr huko juu yameitwa kwa heshima yake. Basi hospitali ambayo kwa karne nzima imewatibu Wamwimbi, Wachuka na majirani zao ilianza kama mradi wa baba na mkwewe, na kiungo kati yao alikuwa binti. Yeye ndiye aliyehamia porini, na kumbukumbu zetu zinamtaja kwa kupita tu.

Lakini Irvine hakuwa wa kwanza kuleta Ukristo Mwimbi. Tangu mwaka 1915 Dkt. John Arthur wa misheni ya Kikuyu alikuwa amekwisha kuanzisha kazi huko, na walioishikilia katika miaka ya vita kuu walikuwa walimu Wakikuyu waliozoezwa katika vituo vya Waskoti. Watu hao nao walikuwa wamisionari katika nchi ya kigeni. Kimwimbi hakikuwa lugha yao. Wazee wa Mwimbi hawakuwa wazee wao. Hawakuwa na shamba la urithi hapo, wala nyumba ya likizo ya kurudi Uskoti baada ya kipindi cha utumishi. Mshahara wao haukulingana hata kidogo na wa Mzungu. Mwalimu aliyekuwa na mke aliishi naye katika kijiji ambacho kila mtu alitazama jinsi wanavyokula, wanavyolea na wanavyogombana, na watu wakapima dini mpya kwa kipimo hicho. Nasema bila kusita: kama kuna jamaa za wamisionari zilizofanya kazi kubwa kuliko zote katika nchi hii, ni hizi za walimu Waafrika. Majina yao hayamo katika vitabu wanavyosoma watoto wetu shuleni, na hilo ni deni juu yetu.

Hospitali ilivuta watu kwa njia ambayo vijana wa leo hawaifikirii. Ugonjwa wa buba, wenye vidonda vinavyoharibu ngozi na mifupa, ulikuwa umeenea sana katika Kenya ya kati. Katika miaka ya 1920 sindano zilizotolewa na misheni na serikali zilikausha vidonda hivyo upesi, na sifa ya sindano ikatembea kutoka kijiji hadi kijiji. Tangu hapo watu wetu wakaamini sindano kuliko kidonge, imani ambayo wauguzi wa zahanati wanapambana nayo hadi leo.

Kisha ukaja mwaka 1929. Misheni, Waskoti wakiwa mbele, ziliamua kwamba Mkristo hana budi kukataa kutahiriwa kwa wasichana. Chogoria, Irvine aliwataka waumini waape na kuthibitisha, na wasiojua kuandika wakatia kidole. Wengi walikataa. Makanisa na madarasa yakabaki karibu matupu. Embu nako, CMS ilipochukua msimamo mkali katika miaka michache iliyofuata, watu walitoka kwa wingi, na shule na makanisa huru yakapata wafuasi.

Ninaamini kwamba madhara ya mila ile kwa mwili wa msichana ni ya kweli, na madaktari hawakuyabuni. Lakini namna jambo lilivyoendeshwa ilionyesha kasoro ya nyumba ya misheni yenyewe. Ilijiweka kama mfano: mume mmoja, mke mmoja, binti asiyetahiriwa, na watu wakaambiwa wafanye vivyo hivyo. Sherehe ile, hata hivyo, ilikuwa mikononi mwa wanawake wa Meru na mabaraza yao, waliokuwa na mamlaka juu ya uzazi, adabu na cheo cha mama. Kiapo kiliwatangulia, mazungumzo nao yakachelewa. Mmethodisti mmoja, E. Mary Holding, aliyetumika Meru bila kuolewa, alifanya kazi ya kuyachunguza mabaraza hayo, na mwaka 1942 aliandika katika jarida la kimataifa la misheni kuhusu uhusiano wa taasisi za wanawake na Kanisa la Afrika. Laiti uchunguzi wa aina hiyo ungefanywa kabla ya 1929! Wala somo halikushikwa mara moja. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wakiungwa mkono na serikali, walipiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana wenyewe wakaanza kutahiriana wakijiita Ngaitana. Zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa katika mabaraza ya wenyeji kati ya 1956 na 1959. Wanaume walikuwa wameamua tena, na wanawake walikuwa wamejibu tena.

Kuhusu watoto wa wamisionari niseme machache. Wengi walizaliwa hapa, wakajifunza lugha ya mahali kwa yaya kabla ya Kiingereza, kisha wakatengwa na wazazi kwa ajili ya masomo: wengine Kijabe, ambako shule ya Rift Valley Academy ilikuwapo tangu 1906, wengine ng'ambo. Mama aliyewafundisha kusoma watoto wa Waembu alituma wake mbali wakafundishwe na wengine. Hiyo pia ilikuwa sehemu ya gharama.

Matunda tunayaona. Filipo M'Inoti, mchungaji wa mwanzo wa Kimethodisti miongoni mwa Wameru, aliandika karibu mwaka 1930 “Asili ya Wameru na Tabia Zao”, kwa Kiswahili, ili mila za wazee zisipotee mikononi mwa waliobatizwa. Biblia nzima ya Kimeru ilitoka mwaka 1964. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti Kenya likajitawala, na Lawi Imathiu, mwana wa Meru, akaja kuliongoza na baadaye kuwa nguzo ya kuanzishwa kwa chuo kikuu chake hapo Meru. Kigari, mahali pa Crawford, pamekuwa chuo cha ualimu.

Ndugu msomaji, kama bibi yako alipikia wanafunzi wa misheni, alimsaidia mkunga wa Chogoria au aliolewa na mwalimu aliyetoka mbali, kaa na wazee wa nyumbani uandike jina lake, jina la baba yake, mahali alipotoka na kazi aliyofanya. Kama kuna cheti cha ubatizo au picha ya zamani sandukuni, toa nakala uipeleke parokiani na nyingine uipeleke kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Nairobi. Sehemu ya tatu itahusu hospitali ya Maua, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920, na masista wa Consolata wa Nkubu.