Karanga za Sukari na Pilipili: Kazi Huanza Kabla ya Moto

Karanga ni chakula cha kale katika nyumba za Uganda. Watu wa Teso, Lango na Acholi huzilima kwa wingi, na kina mama huzitwanga kwa ajili ya mchuzi na mboga. Zikikaangwa pamoja na sukari na pilipili, huwa kitafunio kizuri cha chai, tena huweza kutiwa mfukoni na askari aendaye lindo la usiku.

Lakini kazi ya mpishi huanza kabla ya moto kuwashwa. Karanga zisizokaushwa vema, au zilizowekwa mahali penye unyevu, huota kuvu yenye kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kwa binadamu huharibu ini, na huweza kuleta saratani. Moto wa jikoni hauwezi kuimaliza, na sukari na pilipili huficha tu uchungu wa punje mbovu.

Kwa hiyo karanga zimwagwe katika ungo na kuchaguliwa kwa makini. Zilizosinyaa, zilizogeuka rangi au zilizoota ukungu zitupwe. Zisitwangwe kwa mchuzi, wala zisipewe kuku. Hasara ya konzi moja ni ndogo kuliko hasara ya afya.

Mahitaji

Karanga mbichi zilizobanguliwa, vikombe 2
Sukari, nusu kikombe
Maji, robo kikombe
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Pilipili ya unga, nusu kijiko cha chai
Tangawizi ya unga, nusu kijiko cha chai

Namna ya kupika

Karanga, sukari na maji vitiwe katika karai na kuwekwa juu ya moto wa wastani. Mpishi akoroge kwa mwiko bila kuacha. Maji yatakauka, na sukari itazishika karanga kama mchanga mweupe. Hapo moto upunguzwe, na kukoroga kuendelee mpaka sukari iyeyuke tena na kugeuka rangi ya kahawia. Karai liepuliwe ndipo chumvi, pilipili na tangawizi zinyunyizwe, kwa maana pilipili ikiungua hukoholesha nyumba nzima. Karanga zitandazwe upesi katika sinia lililopakwa mafuta na kutenganishwa kwa kijiko, kamwe si kwa vidole, kwani sukari iliyoyeyuka huunguza kuliko maji ya moto.

Zikisha kupoa kabisa, zitiwe katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe punje nzima, maana huweza kuwapalia na kuwaziba pumzi.

Mpishi atakayetumia ungo kwa uangalifu ataweza kuwaandalia jamaa na wageni kitafunio hiki bila hofu.