Kinoo cha kale au kipya: Kipi kinafaa kwa wembe wa kukunja?

KWA wanaume wengi wa mijini, kunyoa ndevu ni kazi ya mashine ya umeme au wembe wa kutupa. Hata hivyo, tangu miaka ya 2000 wapo watu barani Ulaya, Marekani na kwingineko waliourejea wembe wa kukunja, ule ambao mpini wake huyafunika makali usipotumika. Pamoja na wembe huo limerejea swali ambalo vinyozi wa zamani walilijadili sana: makali yake yamaliziwe kwenye jiwe gani?

Swali hilo si dogo kama linavyoonekana. Wembe wa kukunja hautupwi. Hunolewa tena na tena, na ukitunzwa vyema huweza kurithiwa na mjukuu wa aliyeununua. Kinoo cha kumalizia ndicho huamua iwapo makali yatateleza shavuni au yataacha vipele na mwasho. Aidha, kuna suala la fedha, kwani kinoo cha kale chenye jina kubwa huweza kuuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya kipya chenye ukubwa uleule.

Je, gharama hiyo ina sababu ya msingi, au wanunuzi wanalipia sifa tu?

Kazi ya kinoo cha mwisho

Wembe hunolewa kwa hatua. Kinoo cha chembe kubwa, mathalani namba 1000, hujenga makali. Vinoo vya namba 4000 na 8000 hupunguza mikwaruzo iliyoachwa na kile cha kwanza. Hapo ndipo hufuata kinoo cha kumalizia, na mwisho wembe hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi.

Katika hatua hizo zote wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikiligusa jiwe kwa pamoja. Mgongo ndio hupima pembe, hivyo mnoaji hahitaji kuikisia kwa mkono.

Kinoo cha kumalizia hakiufanyi wembe butu kuwa mkali. Kazi yake ni kulainisha makali yaliyokwisha kujengwa. Anayekimbilia jiwe la mwisho kabla ya kukamilisha hatua za awali atasugua mchana kutwa bila faida, kisha huenda akalilaumu jiwe lisilo na hatia.

Mawe yenyewe

Miongoni mwa vinoo vya asili vinavyosifika ni coticule ya Ubelgiji, jiwe la rangi ya manjano linalochimbwa katika milima ya Ardennes, maeneo ya Vielsalm. Ndani yake mna chembechembe ndogo mno za ganeti, madini magumu kuliko chuma cha wembe. Jiwe hilo hupatikana katika tabaka nyembamba zilizobanwa na mwamba wa rangi ya buluu au zambarau, na ndiyo maana vinoo vingi vya aina hiyo vina pande mbili za rangi tofauti.

Ujerumani nayo ilitoa vinoo vya Thuringia, vya rangi ya kijani, buluu au kijivu, vilivyotokana na mwamba laini wenye tabaka. Vilivyojulikana zaidi viliuzwa na kampuni ya Escher ya mjini Sonneberg, na lebo yake ya karatasi ingali ikitafutwa na wakusanyaji hadi leo.

Huko Japani, vilima vinavyouzunguka mji wa Kyoto vilitoa mawe ya kumalizia kwa karne nyingi. Machimbo ya Nakayama ndiyo yenye jina kubwa kuliko yote. Nchini Marekani, jimbo la Arkansas hutoa jiwe gumu ambalo karibu lote ni silika. Uingereza ilikuwa na kinoo cha Charnley Forest kutoka Leicestershire, ambacho leo hupatikana kama kitu cha kale.

Kwa nini machimbo yalifungwa

Mwaka 1904 Mmarekani King C. Gillette alipata hataza ya kifaa cha kunyolea chenye wembe mwembamba wa kubadilisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Marekani liliwagawia askari wake vifaa vya aina hiyo, nao wakarudi makwao wakiwa wamekwisha kuvizoea. Wembe usionolewa hauhitaji kinoo. Baadaye mashine za umeme na vinoo vya viwandani vilizidi kulibana soko.

Machimbo ya Thuringia na ya Nakayama yalifungwa katika karne ya 20. Ubelgiji uchimbaji ulififia, kisha ukafufuliwa mwishoni mwa karne hiyo, na vinoo vipya vya coticule vingali vikipatikana. Mawe ya Arkansas nayo yangali yakichimbwa.

Kwa hiyo neno "kale" lina maana mbili zisizopaswa kuchanganywa. Kuna jiwe lililochimbwa zamani na kutumika kwa miaka mingi, na kuna jiwe lililochimbwa zamani likabaki ghalani bila kuguswa. Jiwe la Nakayama linaloitwa jipya kwa sababu halijatumika linaweza kuwa lilichimbwa kabla machimbo hayajafungwa.

Jiwe halizeeki rafuni

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoka. Mwamba wa coticule una umri wa zaidi ya miaka milioni 450. Kukaa kwake miaka 100 ndani ya droo ya kinyozi hakuzifanyi chembe zake kuwa ndogo zaidi. Si kweli, basi, kwamba jiwe huwa bora kwa kuwa limezeeka.

Hata hivyo, zipo sababu tatu za kweli zinazoweza kukifanya kinoo cha kale kuwa bora. Ya kwanza ni chimbuko. Kila tabaka la mwamba lina tabia yake, na baadhi ya matabaka yaliyotumiwa zamani hayachimbwi tena.

Sababu ya pili ni uchambuzi. Enzi ambazo vinyozi walikuwa wateja wakubwa, mfanyabiashara aliyeuza mawe mabaya aliharibu jina lake kwa watu waliokitumia kinoo kila siku. Kizuri chajiuza, na kibaya hakikudumu mbele ya wateja wa namna hiyo.

Sababu ya tatu ni chujio la wakati. Mawe mabaya ya zamani yalitupwa au yakapelekwa jikoni kunolea visu, ilhali mazuri yalifungiwa kwenye visanduku na kutunzwa. Tunapovilinganisha vya kale vilivyosalia na vipya vyote vinavyotoka machimboni leo, tunalinganisha kundi lililokwisha kuchujwa na kundi ambalo bado. Tofauti inayoonekana haithibitishi kwamba wachimbaji wa zamani walikuwa na mwamba bora.

Hasara za kila upande

Kinoo cha kale huja na mzigo wake. Huenda kimebonyea katikati kwa matumizi, kina nyufa zisizoonekana upesi, au kimenyonya mafuta kwa miaka mingi. Wengi hukipata bila lebo, na hapo asili yake hubaki kukisiwa kwa rangi na uzito. Lebo nayo si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa karatasi inaweza kubanduliwa na kubandikwa kwenye jiwe jingine.

Kinoo kipya hutoka kikiwa kimesawazishwa, kipimo chake kinajulikana, na muuzaji yupo wa kuulizwa. Dosari yake ni ileile ya kila zao la ardhini: mawe mawili kutoka shimo moja huweza kutofautiana. Moja litakuwa la haraka, jingine la polepole. Wanaotaka matokeo yasiyobadilika hushauriwa kutumia vinoo vya viwandani, ambavyo chembe zake hupimwa.

Namna ya kupima

Njia ya haki ya kulinganisha ni kuanza na wembe mmoja ulionolewa hadi namba 8000. Umaliziwe kwenye jiwe la kwanza, utumike, kisha urudishwe namba 8000 na kumaliziwe kwenye jiwe la pili. Ni vyema kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, naye anyolewaye asiambiwe ni jiwe lipi lililotumika. Shavu halisomi lebo.

Mnunuzi wa kinoo cha kale akikague kwenye mwanga, apitishe ukucha juu yake kutafuta nyufa, na akiloweshe maji, kwani ufa mara nyingi hujitokeza jiwe linapoanza kukauka. Kikihitaji kusawazishwa, kazi hiyo ifanywe kwa maji na si kikavu. Vumbi la mawe yenye silika likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mapafu.

Jambo jingine ni afya ya ngozi na damu. Wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja. Makali yakikwaruza huweza kubeba damu, na kwa njia hiyo kuambukiza homa ya ini na virusi vya ukimwi. Ndiyo maana kinyozi anayehudumia watu wengi hupaswa kubadilisha wembe kwa kila mteja, na uzuri wa kinoo chake hauondoi wajibu huo.

Kwa anayeanza, kinoo kipya kutoka kwa muuzaji anayekubali kurejeshewa bidhaa kina hatari ndogo zaidi. Cha kale kinamfaa aliyekwisha kujua makali mazuri yanavyohisiwa usoni, ambaye anaweza kulipima jiwe kwa kazi yake. Asiye na kipimo hicho atalipia karatasi iliyobandikwa juu ya jiwe.