Soma Kwanza, Ndipo Utie Saini

Huenda siku moja mgeni atafika kijijini kwako akiwa pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Atakuwa na mkoba wa karatasi na vifaa vya kupimia. Atasema: "Tunafanya utafiti wa dawa. Tunaomba watu wa kujitolea." Akimaliza kueleza atakupa karatasi. Chini ya karatasi hiyo pana mstari wa kutia saini.

Utafanya nini? Wako watu watakaokimbia, wakidhani mgeni huyo ni mumiani. Wako wengine watakaotia saini haraka kwa sababu wamesikia kuna nauli. Wote hao wameacha kutumia silaha waliyo nayo. Silaha hiyo ni kusoma.

Leo tujifunze utafiti wa tiba ni nini, una faida gani na una hatari gani. Tujifunze pia mambo ya kutafuta katika karatasi ile kabla ya kuandika jina lako.

UTAFITI NI NINI?

Wewe mkulima wa Mbozi, Momba au Ileje umekwisha kufanya utafiti, hata kama hukuuita hivyo. Dukani imeletwa mbegu mpya ya mahindi. Hupandi shamba zima kwa mbegu usiyoijua. Unapanda kipande kimoja mbegu mpya, na kipande cha pili mbegu ya zamani. Vipande vyote vinapata mvua ile ile, mbolea ile ile na palizi ile ile. Wakati wa mavuno unahesabu magunia. Hapo ndipo unajua mbegu ipi ni bora.

Lakini uwe mwangalifu. Ukipanda mbegu mpya penye kichuguu, itashinda hata kama ni mbegu mbaya. Kilichoshinda ni rutuba ya kichuguu. Watafiti nao wanajua jambo hili. Kwa hiyo hawachagui wenyewe nani apewe dawa mpya. Wanapiga kura. Kundi moja hupata dawa mpya, na kundi la pili hupata dawa ya zamani. Kama hakuna dawa ya zamani, kundi la pili huweza kupewa kidonge au sindano inayofanana na dawa, lakini haina dawa ndani yake. Mara nyingi hata anayekudunga sindano hajui wewe uko kundi gani. Hufanywa hivyo ili asiwepo mtu wa kupendelea.

Kumbuka basi jambo la kwanza. Utafiti si sawa na matibabu ya kila siku. Ukienda zahanati unapewa dawa ambayo imekwisha kujulikana. Katika utafiti watu bado wanatafuta kujua. Kwa hiyo halazimishwi mtu. Anaombwa.

FAIDA YAKE TUNAIONA

Zamani mtoto mwenye malaria kali alitibiwa kwa kwinini. Kisha ikaja dawa nyingine ya sindano, iitwayo artesuneti. Je, ipi ni bora kwa watoto wa Afrika? Hakuna aliyejua kwa hakika.

Kati ya mwaka 2005 na 2010 dawa hizo mbili zilipimwa katika nchi 9 za Afrika. Hapa Tanzania kazi hiyo ilifanyika katika hospitali za Muheza na Korogwe, mkoani Tanga. Watoto wote walikuwa 5,425. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini, walikufa 109. Katika kila watoto 1,000 waliopewa artesuneti, walikufa 85. Hesabu mwenyewe tofauti yake. Ni watoto 24 waliopona katika kila 1,000.

Leo mtoto wako akiugua malaria kali, artesuneti ndiyo sindano ya kwanza inayotakiwa. Tumeijua kwa sababu wazazi wa watoto wale walikubali, tena wakati watoto wao wako mahututi. Sisi tunakula matunda ya mti ambao wengine walipanda.

WANAWAKE 600 WA MBEYA

Tusiende mbali sana. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapa, na malori hulala njiani. Penye malori pana baa na nyumba za wageni. Katika baa hizo wanafanya kazi dada zetu na binti zetu.

Mwaka 2000 watafiti waliwaomba wanawake 600 waliofanya kazi katika baa za Mkoa wa Mbeya washiriki katika utafiti. Walitoka katika miji na vijiji 17. Hali iliyoonekana ilisikitisha. Katika kila wanawake 100, wanawake 68 walikuwa tayari na virusi vya UKIMWI. Wakati ule dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure nchini.

Wanawake hao walipimwa kila baada ya miezi mitatu. Walipewa elimu ya kujikinga. Waliokutwa na magonjwa ya zinaa walitibiwa. Wakati wakiendelea kuhudhuria, kisonono kilipungua kutoka wanawake 22 hadi 7 katika kila 100. Na wale waliokuwa hawana virusi je? Mwanzoni karibu 14 katika kila 100 walikuwa wakiambukizwa kwa mwaka. Baadaye idadi hiyo ilishuka hadi 5. Matokeo haya yalitangazwa mwaka 2006.

Wanawake wale walidharauliwa na watu wengi. Lakini walitoa damu yao, muda wao na siri zao, na taifa likapata elimu. Wao wenyewe walipata matibabu. Utafiti mwema ndivyo ulivyo. Anayejitolea hutendewa kama mtu mwenye heshima yake.

WANAUME 600 WA TUSKEGEE

Sasa sikiliza habari nyingine. Katika jimbo la Alabama, nchini Marekani, uko mji uitwao Tuskegee. Mwaka 1932 maofisa wa afya wa serikali ya nchi hiyo waliwachukua wanaume weusi wapatao 600. Wengi wao walikuwa wakulima maskini wenye elimu ndogo. Wanaume 399 walikuwa na ugonjwa wa kaswende.

Wanaume hao hawakuambiwa ukweli. Waliambiwa tu kwamba wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Walipewa chakula siku za kupimwa, na waliahidiwa gharama za mazishi. Kumbe maofisa walitaka kuona jinsi kaswende inavyomharibu mtu mpaka kufa. Ilipofika miaka ya 1940 penisilini ilijulikana kuwa inaponya kaswende. Wanaume wale hawakupewa. Jambo hilo liliendelea kwa miaka 40, hadi mwaka 1972, lilipofichuliwa na magazeti. Mwaka 1997 Rais wa Marekani, Bill Clinton, aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Linganisha habari hizi mbili. Huku watu 600, na kule watu 600. Wale wa Mbeya walitibiwa, wale wa Tuskegee walidanganywa. Kwa hiyo usiseme kila utafiti ni mzuri, wala usiseme kila utafiti ni mbaya. Uliza, soma, ndipo uamue.

SHERIA ZETU ZINASEMAJE?

Nchini Tanzania mtu hawezi kuamka asubuhi na kuanza kujaribia watu dawa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inayojulikana kwa jina la NIMR, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Utafiti wa tiba ni lazima upate kibali cha kamati ya maadili. Kamati hiyo huangalia kama watu watatendewa haki. Kama ni utafiti wa kujaribu dawa au chanjo, unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. NIMR ina kituo chake Mbeya mjini, si mbali na sisi.

Basi mgeni akifika, mwombe akuonyeshe kibali. Mtafiti wa kweli hakasiriki akiulizwa.

SOMA MAMBO HAYA KATIKA KARATASI

Karatasi ile inaitwa karatasi ya ridhaa. Inatakiwa kuandikwa kwa lugha unayoielewa. Isome polepole. Tafuta majibu ya maswali haya:

1. Utafiti huu unatafuta kujua nini?

2. Nitafanywa nini? Nitadungwa sindano ngapi? Nitatolewa damu kiasi gani?

3. Utachukua muda gani? Nitatakiwa kwenda mara ngapi?

4. Dawa hii inaweza kunidhuru vipi? Nikidhurika, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?

5. Nitapata faida gani? Au faida ni ya watu watakaokuja baadaye?

6. Nisipokubali, nitatibiwa kwa njia gani nyingine?

7. Nani ataona majibu ya vipimo vyangu? Siri yangu itatunzwaje?

8. Nikitaka kujitoa katikati, je, ninaweza? Jibu liwe: ndiyo, wakati wowote, na hutanyimwa matibabu yako ya kawaida kwa sababu hiyo.

9. Nikiwa na swali au lalamiko, nimwone nani au nimpigie simu nani?

Ukikuta neno usilolijua, lipigie mstari na uliza. Si aibu kuuliza. Unaweza kwenda na karatasi nyumbani ukaisoma pamoja na mkeo, mumeo au mtoto aliye shuleni. Usikubali kuharakishwa. Ukisha kutia saini, omba nakala yako uitunze.

Kama jirani yako hajui kusoma, ni lazima asomewe karatasi yote mbele ya shahidi asiyekuwa mmoja wa watafiti. Ndipo aweke alama ya kidole gumba. Wewe uliyejifunza kusoma unaweza kuwa shahidi huyo. Mtoto mwenye umri chini ya miaka 18 huombewa ruhusa kwa mzazi au mlezi. Naye mtoto akiwa na umri wa kuelewa, aulizwe.

Mwenyekiti wa kijiji anaweza kumkaribisha mtafiti. Hawezi kukubali kwa niaba yako. Mume naye asitie saini ya mkewe. Mwili ni wako, na saini ni yako.

HABARI YA DAMU NA NAULI

Watu husema, "Wanachukua damu waiuze." Tutumie hesabu. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Kijiko kidogo cha chai kinabeba mililita 5. Vipimo vingi huhitaji vijiko vichache tu, na mwili hutengeneza damu nyingine. Damu hiyo huchunguzwa maabara. Lakini una haki ya kuuliza itapelekwa wapi, na itahifadhiwa kwa muda gani.

Anayejitolea hurudishiwa nauli, na pengine hufidiwa muda wake. Hayo si mshahara. Ukiona fedha ni nyingi mno, au mtu anakuambia "saini tu, usisome," simama. Nenda kamwulize mganga wa kituo cha afya.

UTAFITI UKISHINDWA

Mwezi wa Desemba 2020 ulianza utafiti wa chanjo za kuzuia virusi vya UKIMWI uitwao PrEPVacc. Ulifanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda, na Durban nchini Afrika Kusini. Walijitolea watu 1,512 wenye umri wa miaka 18 hadi 40, wasio na virusi. Chanjo hizo hazikuwa na virusi vya UKIMWI ndani yake, kwa hiyo hazikuweza kumwambukiza mtu.

Mwaka 2023 kamati huru ya wataalamu iliangalia hesabu. Ikaona kwamba hakuna tumaini la chanjo zile kuzuia maambukizo. Uchanjaji ukasimamishwa, na washiriki wakaarifiwa. Je, kazi ile ilipotea bure? Hapana. Mkulima aliyejua kwamba mbegu fulani haifai ameokoa wengine na njaa. Lakini hapo pana onyo: mtu aliye katika utafiti wa chanjo asijione ana kinga. Aendelee kujikinga.

UKIKUBALI, TIMIZA

Kujitolea ni ahadi. Wakazi wa Tunduma hasa wafikirie jambo hili. Wengi wetu ni watu wa safari. Leo tuko Tunduma, kesho tumevuka Nakonde, kesho kutwa tuko Lusaka na mzigo. Kama huwezi kurudi siku za kupimwa, sema mapema. Kama unakunywa dawa nyingine, ziwe za hospitali au za miti shamba, sema. Mama akiwa mjamzito, aseme. Ukificha, unaweza kujidhuru, na unaharibu hesabu ambayo wengi wataitegemea. Afadhali kusema hapana kwa uwazi kuliko kusema ndiyo kwa uongo.

Ndugu msomaji, dawa na chanjo hazianguki kutoka mbinguni. Kila moja ilipitia miilini mwa watu waliojitolea. Ukiombwa, usikimbie na usikimbilie. Kaa chini, soma, uliza, ndipo uamue. Ukisema ndiyo, iwe ndiyo ya mtu anayejua. Ukisema hapana, hakuna wa kukulaumu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watafiti wanapiga kura badala ya kuchagua nani apate dawa mpya?

2. Wanawake wa Mbeya na wanaume wa Tuskegee walitendewa tofauti kwa njia gani?

3. Taja haki tatu za mtu anayejitolea, na wajibu wake mmoja.

4. Katika kijiji chako, nani anaweza kuwa shahidi wa mtu asiyejua kusoma? Kwa nini mmemchagua huyo?