Tezi Dume: Mwanamume Asingoje Mkojo Umsumbue

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Tezi ikikua, mrija hubanwa. Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa kukatikakatika, na mwenyewe huamka mara kadhaa usiku kwenda msalani.

Wengi wakiona hayo hudhani ni saratani. Mara nyingi sivyo. Tezi hukua kadiri umri unavyosonga, na ukuaji huo haugeuki kuwa saratani. Hutibiwa kwa dawa au upasuaji.

Hatari iko kwingine. Saratani ya tezi dume, ambayo inaongoza miongoni mwa wanaume nchini Kenya, kwa kawaida huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija. Inaweza kukua kwa miaka bila kuathiri mkojo hata kidogo. Anayengoja dalili huenda akafika hospitalini akilalamikia mgongo au nyonga, kumbe ugonjwa umeshaingia mifupani.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Kiwango kikiwa juu, si hukumu: maambukizi ya njia ya mkojo, tezi iliyokua, hata kumwaga mbegu siku moja au mbili kabla ya kupimwa huweza kukipandisha. Daktari hukirudia baada ya wiki kadhaa. Kikibaki juu, mgonjwa hupigwa picha ya MRI, kisha kipande kidogo cha tezi huchukuliwa na kupimwa maabarani. Hapo ndipo saratani huthibitishwa. Kipimo cha kidole, ambacho huwakimbiza wazee wengi, hakimalizi dakika moja, na daktari anaweza kuanza na damu pekee.

Ni haki kusema pia kwamba si kila saratani ya tezi dume huhitaji kutibiwa mara moja. Nyingine hukua polepole mno, na upasuaji au mionzi huweza kumwachia mtu tatizo la kuzuia mkojo au upungufu wa nguvu za kiume. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, daktari anaweza kupendekeza kufuatilia tu kwa vipimo vya mara kwa mara. Ni uamuzi wa kuzungumzwa nyumbani, mke akiwepo.

Mkazi wa Karen anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu naye na kupewa rufaa hadi Hospitali ya Mbagathi, iliyo chini ya Kaunti. Tiba ya mionzi hutolewa Hospitali Kuu ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia saratani hadi kikomo fulani kwa mwaka, na usajili ni kwa *147#. Askari wa lango na mtunza bustani wamo pia: mwajiri anatakiwa kukata na kuwasilisha asilimia 2.75 ya mshahara wao, isipungue shilingi 300 kwa mwezi.

Mwenye baba au kaka aliyeugua aanze mapema kuzungumza na daktari, kuanzia miaka 40 hivi. Ataje pia kama mama au dada aliugua saratani ya matiti, na kama anameza dawa za kupunguza tezi, kwani baadhi yake hushusha PSA kwa takriban nusu. Karatasi ya majibu aihifadhi. Mwaka ujao daktari ataihitaji ili alinganishe.