Ushindi wa Vuli Huandaliwa Kipupwe

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia kwisha, miji mikubwa ya Ulaya na Marekani huanza kufunga barabara zake ili kupisha wakimbiaji wa marathoni. Berlin hutangulia mwishoni mwa Septemba, Chicago hufuata mwezi wa Oktoba, na New York hufunga msimu Jumapili ya kwanza ya Novemba. Huko kwao ni majira ya majani kupukutika. Huku kwetu ni wakati pepo za kusi zinapolegea na wakulima wanapotazama mawingu wakingojea mvua za vuli.

Habari za mbio hizo hutufikia kwa njia moja tu, yaani matokeo. Akishinda Mtanzania tunashangilia. Akishindwa tunaulizana kulikoni. Swali hilo ni la haki, lakini huulizwa kwa kuchelewa. Anayetaka kujua kama kijana wetu atafika salama mwezi wa Novemba hana budi kuuliza mwezi wa Juni: yuko wapi, anakula nini, anakimbia umbali gani, na ni nani anayemwangalia? Leo tungependa kuyauliza hayo mapema, na kuyauliza kwa kuitazama Lushoto, wilaya ya milima ya Usambara ambayo wengi wetu tunaijua kwa kabichi na viazi vyake kuliko kwa jambo jingine lolote.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana taifa hili si geni katika marathoni. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, ndugu John Stephen Akhwari alikazwa misuli, akaanguka na kuumia goti katikati ya safari. Waliomaliza mbio siku ile walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani amefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia haikumsahau, kwa sababu alionyesha kwamba aliyetumwa na nchi yake hutumwa kumaliza wala si kuanza tu.

Baada yake walikuja waliomaliza mbele. Gidamis Shahanga alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978. Suleiman Nyambui alishinda Berlin mwaka 1987, akarudia mwaka 1988. Na mwaka 1989 mji huohuo ulichukuliwa na Alfredo Shahanga. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 1989, Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile ambayo haikuvunjwa hadi mwaka 2001. Ikangaa anasifika pia kwa usemi wake kwamba nia ya kushinda haifai kitu pasipo nia ya kujiandaa. Tungependa usemi huo ubandikwe katika kila ofisi inayoshughulika na michezo.

Wala sifa hiyo haikuishia katika karne iliyopita. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Septemba 2025, katika joto la Tokyo, Alphonce Simbu aliiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42 na mita 195, saa ilimpa yeye na Mjerumani Amanal Petros muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha ya mstari iamue. Tofauti kama hiyo haipatikani siku ya mashindano. Hupatikana alfajiri moja ya baridi, miezi mitatu nyuma, siku ambayo mmoja alitoka kukimbia na mwingine akajifunika blanketi.

Maandalizi ya marathoni yana hesabu yake. Walimu wengi wa mbio hii huhesabu wiki 16 hivi, kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano. Wiki za kwanza ni za kuuzoesha mwili umbali, kwa mwendo wa polepole. Wiki za katikati ndizo nzito: siku moja ya kilima, siku moja ya kasi, na siku moja ya safari ndefu inayoongezwa kidogo kidogo hata ifike kilomita 30 au 35. Sababu ya kufika huko ni kwamba akiba ya wanga iliyomo katika misuli na ini hukaribia kwisha mnamo kilomita ya 30, na mkimbiaji asiyezoea hali hiyo huona miguu imegeuka mawe. Wiki mbili au tatu za mwisho ni za kupunguza kazi, ili mwili ujitengeneze. Anayeongeza mazoezi wiki ya mwisho kwa hofu ni sawa na mkulima anayepanda mbegu siku ya mavuno.

Basi tuhesabu. Kwa mbio za Berlin, wiki 16 huanza mapema Juni. Kwa New York, huanza katikati ya Julai. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi huangukia kipupwe chetu, na hakuna mahali kipupwe kinapojulikana zaidi kuliko Usambara.

Msafiri anayetoka Tanga au Dar es Salaam huiacha barabara kuu Mombo, kwenye joto la mkonge, na kuanza kupanda. Safari ya Mombo hadi mjini Lushoto ni kiasi cha kilomita 33, na katika hizo hupanda kiasi cha mita 1,000. Barabara hujikunja kufuata korongo la mto, hupita Soni penye maporomoko ya maji, kisha hufika mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari. Mwezi wa Julai asubuhi ukungu hukaa mabondeni, na watu hutembea wamejitanda makoti na mashuka. Kina mama huteremka na mizigo ya mboga kichwani. Watoto huenda shule kwa kupanda na kushuka vilima ambavyo mgeni hupumzika mara tatu kabla ya kuvimaliza. Masimulizi ya Washambaa yanasema kwamba hata Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, alifika milimani humo kwa miguu, akiwa mwindaji wa nguruwe mwitu. Katika nchi hiyo miguu ni chombo cha kazi, si cha anasa.

Tusiseme zaidi ya ukweli. Wako wanaodhani kwamba mlima wowote huongeza damu. Mwili huanza kuongeza chembe nyekundu za damu kwa kiasi cha kuonekana pale mtu anapokaa majuma matatu au manne katika kimo cha mita 2,000 hivi au zaidi, kama ilivyo Iten na Eldoret kwa majirani zetu wa Kenya. Mji wa Lushoto haufiki huko. Lakini ukipanda kupitia msitu wa Magamba, wenye mbega na miti mirefu ya asili, na kuelekea Shume, unakaribia kimo hicho, na vilele vya juu vinapita mita 2,200. Kwa hiyo mkimbiaji anaweza kukaa juu na kuteremka mjini au hata Mombo kwa mazoezi ya kasi. Ngazi ya namna hiyo, yenye mita 400 chini na mita 2,000 juu katika mwendo wa saa chache tu, si kila nchi imejaliwa kuwa nayo.

Faida ya pili ni baridi yenyewe. Katika joto lenye unyevu moyo hufanya kazi mbili: kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili mwili upoe. Kwenye ubaridi kazi ya pili hupungua, na mkimbiaji huweza kufanya mazoezi marefu bila kuchakaa. Faida ya tatu ni vilima. Berlin na Chicago ni tambarare, lakini New York siyo. Mbio zile huanza kwenye kisiwa cha Staten Island kwa kupanda daraja kubwa la Verrazzano, huvuka madaraja mengine manne, na humalizia kwa miinuko ya bustani ya Central Park. Aliyezoea barabara ya Soni hatashtushwa na daraja. Ila tunaonya: kinachovunja mapaja na magoti ni kuteremka kuliko kupanda, na barabara ile ni nyembamba, yenye malori ya mboga na mabasi. Kuteremka kufundishwe kwa kiasi, na mazoezi yafanywe katika njia za vijijini.

Sasa tunawageukia ndugu zetu wa visiwani. Tumchukue kwa mfano kijana wa Wete au wa Makunduchi mwenye miguu mizuri na moyo wa kujituma. Hutoka baada ya sala ya alfajiri, hukimbia barabarani mpaka jua lichomoze, kisha joto humrudisha nyumbani. Amezaliwa pwani, hakuna aibu katika hilo. Na kwa mbio zinazofanyika katika joto, kama zile za Tokyo, uzoefu wake ni mali. Lakini visiwani hakuna mlima wa kumpa ubaridi na miinuko mirefu. Je, kijana huyo aambiwe kwamba marathoni ni ya watu wa Arusha, Manyara na Singida peke yao? Sisi tunasema hapana. Mlima anao, uko ng'ambo ya bahari tu. Pemba na Tanga zimetazamana tangu enzi za majahazi, na biashara ya pande hizo mbili ni ya kale. Kama viazi vya Lushoto huvuka kwenda visiwani, kwa nini mkimbiaji asivuke kwenda Lushoto?

Hata kalenda inamwunga mkono. Katika miaka hii ya 2020 mwezi mtukufu wa Ramadhani huangukia kati ya Januari na Mei. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mitupu kwa anayetaka kula mchana na kunywa maji ya kutosha baada ya safari ya kilomita 30. Baada ya miaka kadhaa nafasi hiyo itabadilika.

Hapa ndipo tunapowafikia viongozi. Michezo si jambo la Muungano, na kila upande una baraza lake la michezo. Huo ni utaratibu, na hatuna ugomvi nao. Lakini katika Michezo ya Olimpiki kijana wa Unguja na kijana wa Mbulu huvaa rangi moja. Wanaovaa rangi moja Agosti wanafaa kula sufuria moja Juni. Tunapendekeza mabaraza hayo mawili yakae pamoja na uongozi wa Wilaya ya Lushoto, yafikirie kambi ya kipupwe ya kila mwaka, wazi kwa vijana wa kike na wa kiume wa pande zote mbili, pamoja na vijana wa Usambara wenyewe, ambao wasifanywe watazamaji katika milima yao.

Hatuombi uwanja wa marumaru. Shule zina mabweni ambayo hulala matupu wakati wa likizo ya katikati ya mwaka. Chakula kiko shambani: viazi, maharage, mahindi, mboga, ndizi, mapeasi, na fedha za kambi zitaishia mfukoni mwa mkulima wa hapohapo. Kinachohitajika ni mwalimu anayejua kazi yake, mganga wa kuangalia magoti na damu, njia zilizopimwa kwa haki, na daftari la kuandika kila siku nani alikimbia nini. Tumekwisha kuona mara nyingi mno kambi zikiitwa wiki mbili kabla ya safari, zikifunguliwa kwa hotuba na kufungwa kwa picha. Wiki mbili hazimwandai mtu, zinamchosha tu. Wakati huo, kwa hesabu tuliyoitoa, alipaswa kuwa anapumzika.

Watakuwako watakaosema kwamba nchi ina mahitaji makubwa kuliko mbio. Ni kweli, na sisi hatutaki dawa za zahanati zigeuzwe viatu. Lakini fedha hutumika hata hivyo: hutumika kwa nauli za ndege, kwa sare na kwa mapokezi. Tunachosema ni kwamba sehemu ya fedha hizo ihamishwe kutoka mwisho wa safari kwenda mwanzo wake. Nauli ya meli na basi hadi Lushoto ni ndogo kuliko tiketi ya ndege ya mtu mmoja asiye mkimbiaji.

Akhwari alitufundisha kumaliza. Ikangaa alitufundisha kujiandaa. Simbu ametuonyesha kwamba masomo hayo mawili yakikutana, hata sehemu ndogo ya sekunde inatosha. Kipupwe kijacho hakiko mbali, na ukungu wa Magamba utashuka bila kungoja barua ya mtu. Tungefurahi kusikia kwamba asubuhi hiyo, katika njia ya kuelekea Shume, nyayo za mtoto wa Pemba zimefuatana na nyayo za mtoto wa Mlalo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka cha New York sharti aanze kupanda mlima mapema.