GARI LA WAZI AU LA PAA? Kaka wa Coventry nusura apigwe, wadau someni hapa

Najua wengi wenu mko kafe na saa inakimbia, kwa hiyo sizunguki. Leo hakuna siasa, na Simba na Yanga tunawapumzisha. Leo ni magari ya zamani ya spoti, yale ya viti viwili ya kizungu, na swali moja ambalo linagombanisha watu mpaka leo: uchukue lililo wazi juu, au lenye paa la bati?

Kabla hamjaanza kusema "dogo huyu hata baiskeli hana anatuletea ya Jaguar", ngojeni kisa.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Coventry Uingereza mwaka wa tisa sasa. Anafanya kazi kwenye ghala, zamu ya usiku. Tulipokuwa wadogo Tabata tulikuwa na kalenda ukutani, mwaka wake ulishapita zamani ila tuliiacha kwa ajili ya picha: gari jekundu la viti viwili, halina paa, limeegeshwa kando ya bahari. Kaka aliapa pale pale kwamba siku moja atakuwa nalo. Sisi tulicheka.

Mwezi uliopita akanitumia meseji: "Dogo, nimefikisha pauni 7,000. Nimeliona gari. MGB jekundu, la wazi, linang'aa kama kioo, wanataka hela yote. Kuna jingine la kijani, lina paa, rangi imepauka, pauni 5,400. Si wewe ndiye mwandishi wa magari? Nishauri basi."

Mama mkubwa aliposikia akashika kichwa. "Hela ya kupaua nyumba Kibaha, anaenda kununua gari lisilo na paa!" Wadau, hapo nilikaa kimya. Maana nikikosea, miaka minne ya zamu za usiku inapotea, na mimi sitapita tena kwenye geti la mama mkubwa.

TUANZE NA HIYO MGB YENYEWE

MGB ilitoka mwaka 1962, ikitengenezwa Abingdon, Uingereza. Injini yake ina silinda nne na ukubwa wa cc 1798. Ya kwanza ilikuwa ya wazi, ina turubai la kufunika mvua ikija. Mwaka 1965 wakaongeza MGB GT, yenye paa la bati na mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Umbo la paa hilo lilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina. Zote mbili ziliendelea mpaka kiwanda kilipoacha mwaka 1980, na ukijumlisha zote zilipita 500,000. Za wazi zilikuwa nyingi zaidi, kama mara tatu ya za paa.

Kwa hiyo ni gari moja, injini moja, gia boksi moja. Tofauti ni paa tu. Sasa kwa nini watu wanagombana? Kwa sababu paa siyo kofia. Hapo ndipo wengi wanapopigwa.

BOKSI LA VIATU

Nilipomaliza fomu foo nilikaa gereji moja ya mtaani karibu mwaka mzima, nikimshikia taa mzee mmoja fundi wa bodi. Huyo mzee alinifundisha kitu kwa kutumia boksi la viatu. Chukua boksi, lifunike mfuniko, jaribu kulikunja kwa mikono miwili. Linakataa. Toa mfuniko, jaribu tena. Linajisokota kama tambi.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Magari ya zamani zaidi, kama MGA iliyotangulia MGB, yalikuwa na chasisi ya chuma peke yake chini, halafu bodi inakaa juu. MGB haina hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kwenye GT, paa linashika mbele na nyuma kama mfuniko wa boksi. Kwenye gari la wazi mfuniko haupo, kwa hiyo nguvu yote inabebwa na sakafu, na zaidi sana na zile mbavu za chuma zinazopita chini ya milango, kushoto na kulia.

Na mbavu hizo ndizo zinazokula maji, matope, na chumvi ambayo Wazungu wanamwaga barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kutu inaanzia ndani, huioni. Nje mtu anapaka puti, anapiga rangi nyekundu, anang'arisha, tayari.

Kutu ni ugonjwa hata kwa gari la paa, msidhani GT imepona. Lakini gari la wazi likioza mbavu, linakatika kiuno.

JINSI YA KULIKAMATA

Nikamwambia kaka, usilipe hata senti kabla hujafanya haya:

1. Angalia mwanya kati ya mlango na bodi ya nyuma, gari likiwa chini. Uwe sawa juu mpaka chini. Ukiona juu umebana na chini umeachia, gari limeanza kulala katikati.

2. Mwombe mwenye gari alinyanyue kwa jeki upande mmoja, pale pa kuwekea jeki, halafu fungua na kufunga mlango. Ukikwama, au mwanya ukibadilika mbele ya macho yako, mbavu hazipo. Na jeki yenyewe ikianza kuzama kwenye bati, ondoka.

3. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe chini ya milango. Puti haivuti sumaku.

4. Soma namba ya chasisi. Kwa miaka mingi ya MGB, namba ikianza na GHN gari lilizaliwa la wazi, ikianza na GHD lilizaliwa GT. Namba na umbo visipokubaliana, uliza maswali.

Hiyo ya nne siyo utani. Jaguar E-Type ilipotoka mwaka 1961 ilikuja na maumbo mawili, la wazi na la paa, na mpaka leo la wazi kwa kawaida lina bei kubwa zaidi. Tamaa ikaingia, watu wakakata paa za Jaguar nzima ili wauze kama za wazi. Ila namba inawaumbua: kwa zile za lita 3.8 zenye usukani wa kulia, za wazi zilianza na 850001, za paa zikaanza na 860001. Msumeno unaondoa paa, namba inabaki palepale.

Mtasema si serikali yao inakagua magari? Ndiyo, lakini tangu 2018 kule Uingereza gari lililopita miaka 40 na halijabadilishwa sana halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. MGB zote sasa zimeshapita umri huo. Kodi ya barabara nayo hazilipi. Raha kwa mwenye gari, ila mnunuzi asiyejua anabaki na macho yake tu.

JE, BEI INAPENDA LA WAZI SIKU ZOTE?

Mara nyingi ndiyo. Watu wananunua ndoto, na ndoto nyingi hazina paa. Lakini siyo sheria. Chukua Mercedes 300 SL. Ya kwanza, 1954 mpaka 1957, ilikuwa ya paa, milango yake inafunguka kwenda juu kama mbawa. Wengi wanadhani ni mbwembwe. Hapana. Fremu yake ya mabomba ilipita juu sana ubavuni, mlango wa kawaida usingepata nafasi, ndiyo wakaweka bawaba kwenye paa. Zilitengenezwa 1,400. Mwaka 1957 wakaleta ya wazi, ikabidi wabadilishe fremu ubavuni ili mlango wa kawaida uingie, na wakarekebisha na mguu wa nyuma ukawa mtulivu kwenye kona. Hizo zikafika 1,858. Kwa kuendesha, ya wazi ilikuwa imeboreshwa. Lakini ile ya mbawa ndiyo watu wanabandika ukutani.

Na mwaka 2022 Mercedes waliuza 300 SLR ya mwaka 1955 kwa euro milioni 135. Hiyo ina paa, na za aina yake ziko mbili tu duniani. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba paa linashusha thamani. Uhaba na historia vinaongea pia.

NJIA YA KATIKATI

Wapo waliokataa kuchagua. Mercedes "Pagoda" ya 1963 mpaka 1971 ina turubai, na pia paa gumu la kutoa na kurudisha. Shida yake lile paa ni zito, unahitaji mtu wa kukusaidia na mahali pa kulihifadhi. Kwa kaka anayeishi ghorofani, ataliweka kitandani? MGB za wazi nazo zilitengenezewa paa gumu la kufunga, ila msichanganye: paa la kufunga kwa skrubu linazuia mvua na baridi, haligeuzi gari la wazi kuwa GT. Boksi limefunikwa kwa gazeti tu hapo.

Porsche walikuja na Targa mwaka 1965: katikati wazi, lakini nyuma ya viti kuna tao la chuma kwa usalama. Wakati huo Marekani walikuwa wanazungumza mno usalama wa gari likipinduka, na kampuni nyingi zikaogopa kwamba magari ya wazi yangepigwa marufuku. Marufuku haikuja, lakini hofu hiyo ilifanya Triumph TR7 ya 1975 izaliwe na paa tu. Ya wazi ilifuata miaka minne baadaye.

RAHA NA KARAHA ZA KILA SIKU

La wazi: upepo, jua, unasikia injini, majirani wanakusalimia. Siku likiwa wazi na hali ya hewa ni nzuri, hakuna kinacholifikia, tuseme ukweli. Ila turubai linavuja, linachanika, mtu mwenye kisu anaingia bila shida, na kwenye barabara kuu huongei na mwenzako bila kupiga kelele.

La paa: mkavu, kimya zaidi, buti kubwa, nyuma kuna kiti kidogo ambacho mtoto anaenea, mtu mzima hapana. Uzito unaongezeka kama kilo 100, kwa hiyo linachelewa kidogo kuondoka, lakini likichanganya paa linapasua upepo vizuri na mwisho wa spidi halishindwi. Na aliyetaka MGB ya kiwandani yenye injini ya V8 ya miaka ya 1973 mpaka 1976 alipata GT tu, ya wazi haikutolewa.

SASA KAKA ALIFANYA NINI

Alikwenda Jumamosi, katoka zamu, hajalala. Akaniwekea video tangazeni tuone pamoja. Lile jekundu, wallahi lilikuwa zuri, hata mimi huku Tabata roho ilinidunda. Muuzaji akasema jeki hana. Kaka akatoa ya kwake kwenye begi. Upande wa kulia ukanyanyuka, akafungua mlango ukafunguka. Akaurudisha... ukagoma. Ukagonga bodi ya nyuma, tena akaurudisha, ukagonga tena. Sumaku nayo ikateleza kama inapita kwenye mbao. Muuzaji akasema "ni gari la zamani bwana, yote yako hivyo".

Kaka alikaa kimya muda mrefu. Nilimwona anaangalia viti tu. Nikamwambia, "Kaka, shikamoo, tuondoke." Akajibu marahaba bila kucheka.

Lile la kijani akaliona Jumapili. Milango ilifunga "tup", jeki juu jeki chini. Kuna kutu kwenye mlango wa nyuma na kwenye tao la gurudumu moja, vitu vya kuchomelea. Amelichukua kwa 5,100. Zilizobaki 1,900 zimegawanyika: nyingine za matengenezo, nyingine zimetumwa Kibaha. Mama mkubwa amenunua bati za mbele tu, ila ameanza kuuliza "lile gari la mwanangu lina rangi gani".

MSIMAMO WANGU

Kama hela inatosha na milango inafunga, chukua la wazi, maisha ni mafupi. Kama hela ni ya kubana, nunua bodi kwanza, paa utajua baadaye. La paa lililo zima ni bora kuliko la wazi lililopakwa poda. Kinachouma ni kwamba kaka bado ananiambia anaota lile jekundu. Sina dawa ya hiyo.

Haya wadau, nyie mngechukua lipi? Mlioko ughaibuni na mafundi wa bodi mliopo humu, nirekebisheni kama nimeteleza, ila matusi hapana. Naomba kuwasilisha.